Chambo cha Nzi wa Matunda: Kwa Nini Chupa Iliyojaa Haitoshi

Msimu mkuu wa maembe hapa Pwani huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Machi. Ndio wakati ambapo familia nyingi za Kaunti ya Kilifi huutegemea mwembe kulipa karo ya muhula wa kwanza. Ndio wakati pia ambapo nzi wa matunda huzaana kwa wingi, na mkulima aliyetarajia kujaza kreti hujikuta akiokota maembe yaliyooza chini ya mti.

Siku hizi wakulima wengi wametundika mitego ya chupa yenye chambo kwenye miembe yao. Chupa hujaa nzi waliokufa, na mkulima hufurahi. Lakini embe likikatwa, funza wamo. Swali linaloulizwa kila mahali ni hili: ikiwa mtego unaua nzi wengi hivyo, mbona maembe bado yanaharibika?

Jibu ni kwamba chambo kinafanya kazi yake, ila kazi hiyo ni sehemu moja tu ya vita. Makala haya yanaeleza chambo kinachotoa harufu polepole ni kitu gani, kinafanyaje kazi, kinaweza nini na hakiwezi nini, na mambo ambayo ni lazima yaandamane nacho ili maembe yafike sokoni yakiwa mazima.

Mjue adui

Kenya ina nzi wa matunda wa aina kadhaa. Wapo wa asili ya Afrika ambao wamekuwako tangu zamani. Lakini anayeleta hasara kubwa zaidi kwa maembe sasa ni mgeni kutoka Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Nzi huyu alitambuliwa nchini Kenya mwaka 2003, na baada ya hapo akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Ana rangi ya hudhurungi, mistari miwili ya manjano mgongoni, na alama nyeusi kama herufi T kwenye tumbo. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, na kiuno chake ni chembamba kama cha nyigu.

Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Tundu lenyewe ni dogo kama lililotobolewa kwa ncha ya sindano, na huenda usilione. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa na funza huanza kula nyama ya tunda. Wakishakua, baada ya wiki moja hivi, hutoka kwenye embe, hujirusha chini na kujizika katika udongo, sentimita chache tu kutoka juu. Humo hugeuka pupa, yaani hali ya kulala ndani ya ganda dogo la hudhurungi linalofanana na punje ya mchele. Siku 10 hadi 14 baadaye nzi mpya hutoka ardhini na kuruka. Kwa joto letu la Pwani, mzunguko mzima kutoka yai hadi nzi huchukua wiki 3 hadi 4 hivi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, dawa ya kupulizia haimfikii funza aliye ndani ya embe wala pupa aliye ndani ya udongo. Pili, nzi unayemwona leo alitoka kwenye embe lililoanguka mwezi uliopita.

Chambo hufanyaje kazi

Madume wa nzi huyu hupenda mno harufu ya kemikali iitwayo methili eujenoli. Kemikali hii imo pia katika mimea mingi yenye manukato, ukiwemo mrihani. Dume akiisikia, huifuata kutoka mbali, akaitua na kuilamba. Mwilini mwake huigeuza kuwa manukato ya kuwavutia majike, kwa hiyo dume aliyeilamba hupata mwenzi kwa urahisi zaidi.

Wanasayansi walijua kivutio hiki zaidi ya miaka 100 iliyopita, kutokana na utafiti uliofanywa India. Baadaye ikaja fikra nyepesi: tukiweka harufu hiyo pamoja na kitu cha kumuua anayekuja kuilamba, tutawapunguza madume hadi majike wakose wa kuwapandisha. Jike asiyepandishwa hutaga mayai yasiyoanguliwa.

Hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi hawakuambiwa. Chambo hiki humwita dume peke yake. Jike, ambaye ndiye anayetoboa embe, hapiti hata karibu na chupa. Ukihesabu nzi 500 ndani ya mtego, karibu wote ni madume. Tena dume mmoja huweza kupandisha majike wengi. Tuseme shambani mna madume 100 na mtego ukaua 80. Wale 20 waliobaki bado wanatosha kuwafikia majike wengi. Chambo huleta nafuu ya kweli pale tu madume wanapopunguzwa hadi wabaki wachache sana, na kabla hawajapata nafasi ya kupandisha.

Jambo la pili ni hatari zaidi. Chambo kisicho na kitu cha kuua, au kilichotundikwa wazi bila chupa ya kumzuia nzi, ni karamu ya bure kwa dume. Atalamba, atashiba, ataondoka akiwa na manukato mazuri kuliko alivyokuja. Badala ya kumpunguza, umemtengeneza bwana harusi.

Kwa nini harufu itoke polepole

Methili eujenoli ni mafuta. Ukiyamwaga kwenye pamba na kuiacha kwenye jua na upepo wa Kilifi, harufu hutoka kwa kishindo siku za mwanzo kisha hufifia. Mtego ukifa harufu, nzi wanaoendelea kutoka ardhini kila siku hawana cha kuwaita. Mkulima hudhani nzi wamekwisha kwa kuwa chupa haijazi tena, kumbe chambo ndicho kilichokwisha.

Chambo cha kutoa harufu polepole kilibuniwa kuondoa tatizo hilo. Mafuta huingizwa ndani ya kitu kinachoyashikilia, kama vile kipande cha ubao laini, kitambi kinene, kidonge cha plastiki au nta. Fikiria mtungi wa udongo uliojaa maji. Maji hayamwagiki; hupenya kidogo kidogo kwenye kuta za mtungi hadi nje, na mtungi huendelea kutoa jasho siku nyingi. Ndivyo chambo hiki kilivyo. Mafuta ya juu yakiyeyuka hewani, ya ndani husogea kuchukua nafasi yake, na harufu huwa karibu ile ile wiki baada ya wiki.

Muda wake hutegemea aina. Vipo vya wiki 6 hivi, na vipo vinavyodumu zaidi. Kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Andika kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika tarehe uliyoweka chambo na tarehe ya kukibadilisha. Jua kali hufupisha maisha ya chambo, ndiyo maana mtego hutundikwa kivulini.

Nzi hajui mpaka wa shamba

Mfano maarufu wa mafanikio ya chambo hiki ni kisiwa cha Rota katika Bahari ya Pasifiki. Miaka ya 1962 na 1963, vipande vya ubao laini vilivyoloweshwa methili eujenoli na dawa ya kuua wadudu viliangushwa kwa ndege kote kisiwani, mara kwa mara. Nzi huyu akamalizika kabisa. Japani nayo ilimwondoa katika visiwa vyake vya kusini, kazi iliyokamilika mwaka 1986.

Kilichofanya mbinu ifaulu kule ni kwamba kisiwa kizima kilitegwa kwa wakati mmoja, na bahari ilizuia nzi wengine wasiingie. Sisi hatuna bahari kati ya shamba na shamba. Nzi wa matunda anaweza kuruka kilomita kadhaa. Ukitega peke yako katikati ya majirani wasiotega, madume wa kijiji kizima watakuja kwako, chupa zako zitajaa kila wiki, na majike waliokwisha kupandishwa kwa jirani watakuja kutaga kwenye maembe yako. Chupa iliyojaa siku zote ni dalili kwamba nzi wanaendelea kuletwa kutoka nje.

Ndiyo sababu wakulima wanashauriwa kutega kwa kikundi. Kaeni kama kijiji, kama chama cha ushirika au kama mashamba yaliyopakana, mkubaliane siku moja ya kutundika na siku moja ya kubadilisha chambo. Asiye na shamba la biashara lakini ana mwembe mmoja uani naye ahusishwe. Mwembe mmoja ulioachwa unaweza kulisha nzi wa mtaa mzima.

Kutengeneza na kutundika mtego

Mtego unaweza kununuliwa katika duka la agroveti, au ukatengenezwa nyumbani.

Chukua chupa safi ya plastiki ya lita moja au zaidi, yenye kifuniko. Toboa matundu matatu au manne ubavuni, sehemu ya juu, kila moja lenye upana wa sentimita 2 hivi. Pitisha waya kwenye kifuniko, ufunge chambo upande wa ndani ili kining'inie usawa wa matundu. Ikiwa chambo chako hakikuchanganywa na kiuaji kiwandani, weka chini ya chupa maji yenye sabuni kidogo ili nzi azame. Ongeza maji yakikauka. Acha upande wa juu wa waya uwe mrefu wa kutundikia.

Tundika mtego mtini ndani ya matawi, kimo cha mita 2 hadi 4, mahali penye kivuli lakini upepo unapita. Majani yasiguse chupa wala kuziba matundu. Paka grisi kwenye waya, la sivyo sisimizi watashuka kula nzi waliokufa nawe utadhani mtego haukamati. Idadi ya mitego kwa ekari hutofautiana kulingana na aina ya chambo, kwa hiyo soma lebo au umuulize afisa wa kilimo wa wadi yako. Mtego mmoja au miwili ni ya kuchunguza tu kama nzi wapo, haitoshi kuwapunguza.

Anza mapema. Mitego iwe juu tangu maembe yakiwa machanga na ibaki hadi tunda la mwisho livunwe. Anayesubiri hadi aone funza amechelewa kwa kizazi kizima cha nzi.

Vaa glavu unaposhika chambo, na unawe mikono kwa sabuni. Usiguse matunda wala chakula kwa mikono yenye mafuta hayo. Chupa zilizotumika zisirudi jikoni.

Na jike tumfanyeje

Jike ana udhaifu wake. Akitoka ardhini mayai yake hayajakomaa, na ili yakomae ni lazima ale protini. Kwa siku kadhaa hutafuta chakula hicho juu ya majani. Hapo ndipo anaponaswa kwa chambo cha pili, chambo cha chakula, ambacho hutengenezwa kwa hamira au mabaki ya hamira ya viwanda vya pombe. Chambo hiki huwavuta majike na madume pia.

Hutumika kwa njia mbili. Unaweza kukitia ndani ya mtego, au ukakichanganya na dawa kidogo kama lebo inavyoelekeza na kupulizia doa moja la ukubwa wa mita 1 ya mraba kwenye majani ya kila mti, mara moja kwa wiki, asubuhi. Hupulizii mti mzima wala matunda. Dawa inayotumika ni kidogo sana ukilinganisha na kunyunyizia shamba lote, nao nyuki na wadudu wengine wenye faida hupata salama.

Okota yaliyoanguka

Hakuna chambo kitakachoshinda maembe yaliyoachwa chini ya mti. Embe moja lenye funza linaweza kutoa makumi ya nzi. Okota matunda yote yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki. Usiyatupe jaani wala kwenye shimo la mboji, kwa sababu hapo funza hujimalizia ukuaji wake kwa raha.

Yazike katika shimo, udongo wa kuyafunika uwe na kina cha angalau sentimita 50, ili nzi akitoka asiweze kufika juu. Kama ardhi ni mwamba, kama ilivyo sehemu nyingi zenye matumbawe hapa Pwani, yatie kwenye mfuko mzito mweusi wa plastiki usio na tundu, ufunge barabara na kuuacha juani hadi funza wote wafe kwa joto. Hii ni kazi isiyogharimu pesa, na wataalamu wengi wakiulizwa waanze na nini, huanza na hii.

Miti ambayo hatuiangalii

Maembe yakiisha, nzi hawaendi popote. Huhamia kwenye mapera, mastafeli na machungwa. Hapa Pwani kuna mwenyeji mwingine ambaye wengi hawamfikirii, nao ni mkungu, mti wa kivuli uliopandwa kwenye viwanja vya shule, misikiti na vituo vya magari. Makungu yaliyoiva na kuanguka huwatunza nzi hadi msimu wa maembe urudi. Si lazima kuukata mkungu. Kivuli chake tunakihitaji. Kinachohitajika ni kuokota makungu yanayoanguka na kutundika mtego hapo miezi ambayo hakuna maembe. Shule na kamati za misikiti zinaweza kusaidia sana katika jambo hili.

Tunao pia marafiki. Chungu wa maji moto wanaojenga viota vya majani kwenye miembe huwakamata funza wanaotoka kwenye tunda na kuwafukuza majike wanaotaka kutaga. Ni kweli kwamba huuma wavunaji, lakini mti wenye maji moto mara nyingi huwa na funza wachache. Usiwachome moto wala kuwapulizia dawa bila sababu.

Kabla hujatoa pesa yako

Hakikisha unanunua chambo cha nzi uliye naye. Kwa maembe, lebo ya chambo cha madume iwe na jina Methyl Eugenol. Wanaolima tikiti, matango na mamung'unya husumbuliwa na nzi mwingine, nzi wa tikiti, na chambo chake huandikwa Cue-lure. Ukitega cha maembe kwenye matikiti hutakamata nzi wa tikiti hata mmoja.

Angalia pia nambari ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chambo kilichouzwa kwa vijichupa visivyo na lebo kinaweza kuwa kimechakachuliwa au kimekwisha harufu. Kile usichokitumia kihifadhi mahali penye baridi, kikiwa kimefungwa, mbali na watoto.

Utajuaje kama unafaulu

Usipime ushindi kwa nzi waliokufa. Pima kwa maembe. Kila wiki chukua maembe 20 kutoka miti mbalimbali, yaliyokomaa, uyaweke siku chache yaive, kisha uyakate. Andika mangapi yana funza. Hesabu hiyo ikishuka wiki baada ya wiki, mnafaulu. Chupa nazo zinapaswa kupungua nzi kadiri msimu unavyoendelea, huku chambo kikiwa bado kipya. Kama chupa zinajaa na maembe yanaoza, tafuta ni jirani yupi hajatega au ni wapi matunda yameachwa chini.

Jambo hili linagusa soko. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na milango haikufunguka tena hadi mwaka 2021. Kwa wanunuzi wale, funza mmoja anatosha kukataliwa kwa shehena nzima. Hata broka anayekuja na lori lake shambani hukata embe kwanza, na akiona funza hushusha bei ya Ngowe na Apple zako zote, nzima na mbovu. Mkulima mmoja hawezi kumhakikishia mnunuzi kwamba eneo lake halina nzi. Kijiji kinaweza.

Wakulima wanaotaka kuanza kutega kwa pamoja wafike katika ofisi ya kilimo ya wadi yao kabla ya miembe kuchanua. Njooni kama kikundi, mkiwa na orodha ya mashamba yenu na makadirio ya idadi ya miti, ili afisa awasaidie kupanga mahali pa mitego na siku za kubadilisha chambo.